Mashine Nzito Haiponi kwa Kufuta Picha

Hotuba ya fundi kompyuta mbele ya wenye steshenari, walimu na makatibu muhtasi, Tabora mjini

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, kina mama na kina baba wenye steshenari, makatibu muhtasi mliotoroka ofisini kuja hapa, na vijana wa kuchapa na kutoa kopi: itifaki imezingatiwa. Mwangaluka! Naam. Wa Isevya na Ng'ambo wameitika, wa Kanyenye naona chai bado haijashuka.

Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti anaitazama saa yake kuliko anavyonitazama mimi, basi nisizunguke.

Mteja akija na laptopu nzito, maneno yake ni yale yale: "Fundi, memori imejaa. Nimeshafuta picha zote lakini wapi." Amefuta picha za harusi ya mdogo wake, amefuta kwaya, amefuta mpaka mitihani ya muhula uliopita, na mashine iko vile vile. Haikuwa na sababu ya kubadilika. Picha zilikuwa kwenye diski, na kilichojaa ni RAM. Hizi ni sehemu mbili ndani ya kompyuta, kila moja na ugonjwa wake, na dawa ya moja haimponyi mwenzake.

Diski ndipo vitu vinapolala. Ukizima mashine leo ukaiwasha baada ya Krismasi, utavikuta. RAM ni mahali ambapo programu inayofanya kazi sasa hivi inaweka vitu vyake, na umeme ukikatika kila kilichomo kinapotea. Ile barua uliyokuwa unaichapa hukuisevu, taa zikazimika, ukashika kichwa: ilikuwa kwenye RAM.

Sisi ni watu wa reli. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, tawi la Mwanza likakamilika 1928, la Mpanda likafuata baadaye, na leo wa Kigoma, wa Mwanza na wa Mpanda wote wanakutana Tabora. Basi fikirini stesheni yenye ghala kubwa sana lakini njia nne tu za kuundia treni. Ghala ndiyo diski, njia ndizo RAM. Mzigo ulioko ghalani haumzuii mtu. Shida inaanza njia zinapojaa: kila behewa jipya likiingia, lazima jingine liondolewe kwanza, na baada ya muda mfupi lile lililoondolewa linatakiwa tena. Kichwa kinavuta, kinasukuma, kinavuta tena, kutwa nzima, na hakuna treni iliyoondoka. Sasa wewe unakwenda kufagia ghala.

Hicho kichwa kinachovuta na kusukuma ni kitu halisi ndani ya mashine yako. RAM ikijaa, Windows haikatai kazi. Inachukua vitu ambavyo hujavigusa kwa muda, inavihamishia kwenye faili maalumu lililoko diski, kisha inavirudisha ukivihitaji. Ujanja huu ni wa zamani. Kompyuta ya Atlas ya Manchester, Uingereza, iliuanza mwaka 1962 kwa kutumia ngoma ya sumaku mahali pa diski. Na mwaka 1968 Mmarekani Peter Denning, mwanasayansi wa kompyuta, aliandika juu ya ugonjwa wa ujanja huo: hali ambayo mashine inatumia nguvu zake zote kuhamisha vitu huku na huko, kazi yenyewe haiendi. Laptopu yako inapoganda huku kitaa cha diski kikiwaka bila kupumzika, ndio ugonjwa huo, umri wake zaidi ya nusu karne.

Kwa nini inauma hivyo? Kwa sababu ya tofauti ya kasi. RAM inajibu kwa kiasi cha nanosekunde 100. Diski ngumu ya zamani, ile inayozunguka, ina sahani na mkono unaotembea kutafuta mahali, na inahitaji kiasi cha milisekunde 10. Hiyo ni tofauti ya mara laki moja. Kama RAM ingechukua sekunde moja kukujibu, diski ingekuweka zaidi ya siku nzima. Ndiyo maana mashine ikivuka ule mpaka haipungui kasi kidogo kidogo. Inaanguka ghafla. Asubuhi ilikuwa nzuri, umefungua kurasa mbili zaidi, basi, imekufa.

Sasa tuitazame hii ya mwalimu hapa mezani. Ina RAM GB 4, diski inayozunguka, Windows 10. Mwalimu amesema tuifungue mbele ya watu, hana siri.

Shikeni vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Hili dirisha linaitwa Task Manager, na kama kuna kitu kimoja mtakachoondoka nacho hapa, kiwe hiki. Likija dogo, bonyeza maandishi ya chini kushoto lipanuke. Mnaona safu zenye asilimia juu. Palipoandikwa Memory ndiyo RAM: 93. Palipoandikwa Disk: 100. Zitazameni hizo mbili kwa pamoja, msitazame moja. RAM iko juu na diski imeshikilia 100 hata ukiondoa mkono kwenye mausi, maana yake mashine inahamisha mabehewa. Lakini mkikuta RAM iko 50 na diski 100, msiilaumu RAM. Hapo huenda kuna apdeti inashuka, au antivairasi inakagua, au diski yenyewe inakaribia kufa, na hiyo ya mwisho ndiyo ya kuharakisha kutoa kopi ya kazi zako leo hii. Na kama safu zote ziko chini halafu mashine bado nzito, igeuze uangalie matundu ya feni. Vumbi la Tabora mnalijua. Feni ikiziba, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inapata moto na inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mwezi wa kumi na joto lake, kuna mashine naziletewa zikiwa na ugonjwa huo tu. Brashi na hewa vinatosha.

Turudi. Bonyezeni neno Memory pale juu ili walaji wakubwa wapande. Nani wa kwanza? Chrome. Inakula zaidi ya GB moja na nusu, na mwalimu anasema amefungua "kurasa chache tu". Tuhesabu pamoja: matokeo, barua pepe, YouTube, WhatsApp, gazeti, gazeti jingine, na huu hapa sijui ni nini, mwalimu naye hajui. Wa pili ni antivairasi. Wa tatu ni antivairasi ya pili. Mwalimu wangu, mbona umeajiri walinzi wawili wanaokamatana wao kwa wao? Windows 10 inakuja na ya kwake tayari, inaitwa Defender. Ukiongeza nyingine, iwe moja. Wakiwa wawili kila faili linakaguliwa mara mbili, na RAM inalipa mishahara yote.

Chini yao kuna kundi la vitu vidogo vidogo ambavyo hakuna mtu aliyevifungua: cha mikutano ya video, cha kuhifadhi mafaili mtandaoni, cha printa iliyokwisha kuuzwa, na viwili vya kutafuta apdeti za programu ambazo mwalimu hazitumii. Vinaamka na mashine. Juu hapa, au pembeni kwenye Windows 11, pana sehemu iliyoandikwa Startup. Ingieni, bonyezeni kitufe cha kulia cha mausi juu ya kitu, kisha Disable. Hujakifuta, umekizuia tu kuamka bila kuitwa. Siku ukikihitaji utakifungua mwenyewe. Antivairasi iacheni. Vya sauti na vya kipanya cha laptopu viacheni. Na jina usilolijua, usiliguse kabla hujaliuliza, kwa sababu watu wameshazima vitu humu wakakosa sauti mwezi mzima.

Brauza nataka niikalie kidogo, maana kwa steshenari ndiyo kazi yenyewe. Kijana amekuja kuomba mkopo wa chuo, dirisha linafungwa kesho. Nyuma yake yuko wa fomu za ajira, nyuma yake mzazi anataka matokeo. Wewe unafungua ukurasa mpya kwa kila mmoja na hufungi wa aliyeondoka. Kufika saa nane mchana una kurasa thelathini. Chrome, tangu ilipoanza mwaka 2008, imejengwa ili kila ukurasa uweze kukaa kwenye chumba chake, na mwaka 2018 wakakaza zaidi: tovuti moja na nyingine hazichangii chumba, ili tovuti mbaya isichungulie nywila uliyoandika kwenye tovuti ya benki. Hilo ni jambo jema, lakini kila chumba kina gharama yake ya RAM. Kwa hiyo usitafute namna ya kuuzima ulinzi huo. Punguza vyumba. Mteja akiondoka, ukurasa wake ufungwe, na akaunti yake utoke. Hiyo pia ni siri yake unayoilinda.

Tangu mwisho wa 2022 Chrome ina mpangilio wa kulaza kurasa ambazo hujazigusa. Ingia Settings, kisha Performance, washa Memory Saver. Ukurasa uliolala unaonekana bado uko pale juu, ukiubonyeza unajipakia upya. Nawaonya jambo moja tu: kujipakia upya kunakula bando, na fomu uliyoijaza nusu si vizuri kuiacha muda mrefu ukaenda kwenye kazi nyingine. Ukianza fomu, imalize. Na zile nyongeza zilizojibandika kwenye brauza, za kupakua video, za kuponi, za kubadilisha PDF, kila moja inaweza kula RAM brauza ikiwa wazi. Mwalimu anazo saba. Anaitumia moja.

Sasa picha, na hapa watu wa pasipoti saizi wanisikilize vizuri. Nilisema kufuta picha kwenye diski hakupunguzi RAM. Lakini picha uliyoifungua ni habari nyingine kabisa. Mteja amepigwa kwa simu ya megapikseli 12. Faili lake ukilitazama ni MB 3 au 4, unasema ni dogo. Ni dogo kwa sababu limefinywa. Ukilifungua, mashine inalikunjua lote: pikseli 4,000 kwa 3,000, ni milioni 12, na kila pikseli inahitaji baiti tatu za rangi. Hiyo ni MB 36 kwenye RAM, picha moja, kabla hujafanya lolote. Kwenye Photoshop ukinakili tabaka, zimekuwa mara mbili. Ukibadilisha rangi ya nyuma kuwa ya bluu, Photoshop inatunza hali ya zamani ili ukikosea urudi, na inatunza hatua nyingi. Fungua wateja kumi bila kumfunga hata mmoja uone.

Na mteja anataka nini? Picha ya milimita 35 kwa 45. Kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni pikseli 413 kwa 531. Kuikunjua kwenye RAM haifiki hata MB moja. Kwa hiyo kata kwanza. Ukishafungua picha, jambo la kwanza ikate na uishushe kwenye saizi yake, ndipo uhangaike na mandhari ya nyuma na kung'arisha uso. Wengi wanafanya kinyume: wanang'arisha picha kubwa nusu saa nzima, kisha wanaikata. Umebeba gunia zima kwenda sokoni kuuza kibaba. Ukimaliza mteja, sevu, funga. Na kama kazi ni kubwa, kadi za harusi au bango, nenda kwenye menyu ya Edit, kisha Purge, kisha All: Photoshop itaachia zile hatua za nyuma ilizokuwa imezishikilia. Ila baada ya hapo huwezi kurudi nyuma, kwa hiyo sevu kwanza.

Niseme sasa jambo litakalowaudhi baadhi ya mafundi wenzangu, nawaona mmekaa nyuma pale. Zile programu za "kusafisha RAM", zenye kitufe kikubwa cha kijani, acheni kuwawekea watu. Nawaambia zinachofanya. Zinailazimisha Windows kuviondoa kwenye RAM vitu ambavyo programu zimevishikilia. Kipimo kinashuka kutoka 80 hadi 40, mteja anapiga makofi, anakulipa. Lakini vile vitu programu bado zinavihitaji. Akirudi tu kwenye Word au kwenye brauza, vinaitwa tena, na vingine vinatoka diski, kule kwenye kasi ndogo mara laki moja. Umemchelewesha halafu ukamtoza. Na hiyo programu yenyewe inaamka na mashine na inakaa humo humo kwenye RAM inayodai kuisafisha.

RAM tupu si sifa. Ni mali uliyoinunua ikakaa bure. Windows yenyewe, tangu Vista ya mwaka 2007, inajaza nafasi iliyobaki kwa vitu inavyodhani utavihitaji, na ukifungua programu kubwa inaviachia mara moja bila kuhangaika na diski. Kwa hiyo ukikuta mashine iko asilimia 60 na inakwenda vizuri, iache ilivyo. Tunachotafuta ni kuwapunguza walaji wasio na kazi. Kipimo kishuke kwa sababu hiyo, si kwa kufinywa shingo.

Wapo pia wanaokwenda kuzima lile faili la diski la kuhamishia vitu, wakisema ndilo linaloleta uzito. Msifanye hivyo kwenye mashine ya GB 4. Njia zikijaa na ghala limefungwa, programu zinakufa na kazi ndani yake. Na wale wanaouza flashi kwa jina la RAM ya ziada: upo mpangilio wa kweli ulioletwa na Vista, unaitwa ReadyBoost, unatumia flashi kuharakisha usomaji wa diski inayozunguka. Flashi haigeuki RAM. Kwenye mashine duni sana inaweza kusaidia kidogo. Kwa bei wanayotaka, hapana.

Kuna jambo la kuzima na kuwasha, mtashangaa. Watu wananiambia, fundi, mimi naizima kila jioni. Tangu Windows 8, ukibonyeza Shut down, programu zako zinafungwa kweli, lakini moyo wa Windows haufungwi. Unagandishwa na kuwekwa diski ili asubuhi mashine iwake haraka. Kwa hiyo dereva la printa, yaani programu inayoiendesha printa, lililoanza wiki iliyopita kuvuja RAM, yaani kuichukua bila kuirudisha, linaamka likiwa na uvujaji wake. Ukitaka ianze upya kabisa, bonyeza Restart. Mara moja kwa wiki inatosha, kwa steshenari yenye kazi nyingi labda kila siku mbili. Ndiyo maana fundi anarestati tu mashine yako, inapona, nawe unaona ametumia uchawi wa kwao.

Diski nayo nisiionee kabisa. Ikijaa mpaka mstari wake umekuwa mwekundu, Windows inakosa mahali pa kuhamishia vitu na pa kuwekea apdeti, na hapo kufuta kunasaidia. Lakini anzeni na takataka kabla ya harusi ya mdogo wenu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %temp%, Enter, chagua yote, futa. Yatakayokataa yaache, yanatumika. Kisha folda ya Downloads, ambamo matokeo yale yale yamepakuliwa mara arobaini. Kisha kapu la takataka lenyewe, maana ulichofuta bado kimo humo na bado kinakula nafasi. Na flashi za wateja, zile ambazo folda zote zimegeuka kuwa shotikati, zikagueni kabla ya kufungua. Kirusi nacho ni programu, nacho kinakula RAM.

Sasa tufunge hesabu ya mwalimu. Tumezima vya Startup, tumebakiza antivairasi moja, tumefunga kurasa asizozijua, tumerestati. Someni wenyewe: 68. Diski imetulia. Kwa kuchapa mitihani inatosha. Lakini mwalimu anasema ana mpango wa kuanza picha, na kwa picha GB 4 ni kidogo, hakuna kubana matumizi kutakakolibadilisha hilo.

Kabla hujanunua, rudi Task Manager, ingia Performance, bonyeza Memory. Chini kulia imeandikwa nafasi ngapi zimetumika: hapa ni moja kati ya mbili. Mwalimu ana bahati, nafasi ya pili iko wazi. Laptopu nyembamba nyingi za siku hizi RAM imelehemiwa kwenye bodi, hakuna pa kuongeza, na mtu anakuja kulijua hilo ameshalipa. Kisha ujue aina. DDR3 haiingii pa DDR4, pengo lake liko mahali tofauti, na anayelazimisha anavunja. Ndani ya DDR3 yenyewe kuna ya volti 1.5 na kuna yenye herufi L, ya volti 1.35; laptopu inayotaka L inaweza isiwake kabisa ukiipa ile nyingine. Nenda dukani na RAM ya zamani mkononi, ilinganishwe maandishi kwa maandishi.

Haya, nimezima, nimetoa chaja, nimetoa betri, nimebonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Nimegusa chuma kwanza, kwa sababu umeme wa mwilini unaweza kuiua RAM bila wewe kuhisi chochote. Kifuniko hiki cha chini, skrubu mbili. Hii ya zamani, meno yake ya dhahabu yamefifia, nayasugua taratibu kwa raba ya penseli, napuliza. Nairudisha. Mpya inaingia imeinama, siyo imelala, mpaka meno yapotelee ndani. Kisha nailaza kwa vidole viwili pembeni. Tak, tak. Klipu mbili, milio miwili. Ukisikia mmoja, haijakaa. Mashine ikiwaka na kupiga mlio bila picha, usikimbilie kusema imeungua, itoe, irudishe.

Imewaka. Kurasa zile zile, Word ile ile: 41. Na tumeifungua Photoshop juu yake.

Mtego mmoja unawapata wengi hapa. Mashine ina RAM GB 8, na Windows inaona GB 3 na ushee. Hujaibiwa. Umewekewa Windows ya biti 32, na hiyo haiwezi kuhesabu zaidi ya GB 4 hata ukiipa kumi na sita, na sehemu ya hizo 4 inachukuliwa na vifaa vingine. Ingia Settings, System, About, usome System type. Ikisema biti 32 na prosesa ni ya biti 64, weka upya Windows ya 64 ndipo ununue RAM.

Wanaouliza waanze na RAM au na SSD, ile diski isiyozunguka, mimi nasema hivi. Mwalimu wa kuchapa na ukurasa mmoja wa intaneti, mwenye diski inayozunguka, aanze na SSD: haina sahani wala mkono, inajibu zaidi ya mara mia haraka kuliko diski yake, na kuwasha mashine tu ataona tofauti. SSD haiongezi RAM, ila inafanya ule uhamishaji usiume sana. Steshenari ya picha na kurasa nyingi ianze na RAM. Mwenye pesa ya vyote afanye vyote, na abakize ya kulipa fundi.

La mwisho ni Windows 10. Msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na wapo vijana wanaopita ofisini wakiwaambia makatibu wahamie Windows 11 kesho. Kwa maandishi, Windows 11 inataka RAM GB 4 na diski ya GB 64. Hicho ni kiasi cha kuiwezesha kuwaka. Ikishawaka kwenye GB 4, inabaki nafasi ndogo sana ya kazi yako, na mashine nyingi za zamani prosesa zake hazimo hata kwenye orodha inayokubaliwa. Wenye mashine ya GB 8 na prosesa inayokubalika, hamieni. Wenye GB 4 ambazo haziongezeki, na kazi yenu ni kuchapa, kusoma barua pepe na kuprinti, jaribuni Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows: ni bure, inaanzia GB 2, na LibreOffice, programu yake ya kuchapia, inafungua mafaili ya Word. Ijaribuni kwenye flashi kwanza bila kuiweka ndani, mhakikishe printa yenu inatambuliwa. Photoshop haiendi humo, kwa hiyo watu wa picha msinitafute kesho. Na yeyote atakayebaki na Windows 10 bila apdeti, mashine hiyo asiiingizie nywila ya benki wala ya mishahara.

Mwenyekiti, naona umesimama. Asanteni sana kwa kunisikiliza.